Pasaka ya Mama Jikoni

Pasaka huku Nyeri hutukuta na mvua na wageni. Katika nyumba nyingi mke hukosa Misa ya Mkesha kwa sababu ya sufuria, huku mume akiimba Aleluya kanisani. Huo si ukarimu.

Kabla ya Jumapili ya Matawi, kaeni wawili. Hesabuni wageni wa pande zote mbili, kisha mpange fedha. Baba aanike kuni mapema. Alhamisi Kuu usiku loweka mahindi na maharagwe. Ijumaa Kuu ni siku ya kufunga na hatuli nyama, hivyo githeri yatosha. Jumamosi asubuhi chemsheni mengine ya mukimo, na jioni nyote mwende Mkesha. Jumapili vitabaki viazi, majani ya malenge na kuponda.

Mbuzi ni wa baba. Kwa mila ya Wakikuyu kuchoma nyama ni kazi ya wanaume, kwa hiyo hakuna mume asiyejua moto!

Na mama mkwe akiuliza kwa nini mwanawe anamenya viazi, ajibu mume mwenyewe, kwa heshima. Mke asiachiwe swali hilo.