Moyo wa Tajiri na Shamba la Maskini

Katika habari za Zakayo (Luka 19) twazoea kuishia pale alipoahidi kuwarudishia watu mara nne. Safari hii tuendelee mbele kidogo. Zakayo aligeuka kweli. Lakini utaratibu wa Warumi wa kutoza kodi kwa kupitia watu kama yeye ulibaki pale pale. Je, matajiri wakigeuka mioyo mmoja mmoja, kwa amani, utaratibu usio wa haki utaondoka?

Jambo hili limekwisha kujaribiwa huko India. Mwezi wa Aprili 1951 Vinoba Bhave, mfuasi wa Gandhi, alifika kwa miguu katika kijiji cha Pochampally, sehemu za Telangana. Wakulima wa huko walikuwa wameshika silaha juu ya wenye ardhi, na damu ilikuwa imemwagika. Familia 40 za watu waliohesabiwa kuwa najisi, wasio na kipande cha ardhi, zilimwambia kwamba ekari 80 zingewatosha. Vinoba akawageukia wanakijiji waliokuwapo, akauliza nani awezaye kuwasaidia. Mwenye ardhi mmoja, Ramachandra Reddy, akasimama akatoa ekari 100.

Toka siku hiyo Vinoba alitembea kijiji hadi kijiji kwa miaka mingi. Aliwaomba wenye mali wamhesabu kuwa mtoto mmojawapo wa nyumbani, wampe fungu lake kwa ajili ya maskini. Alikusudia kupata ekari milioni 50. Zilizoahidiwa zilipita milioni 4, na hizo si chache, maana hakuna aliyetishwa kwa bunduki. Lakini wengine walitoa majabali, wengine ardhi yenye kesi mahakamani, na sehemu kubwa haikugawanywa kamwe. Tena ardhi peke yake hailimi: yataka ng'ombe, mbegu, na hati yenye jina la mkulima.

Katika jimbo la Kerala, kusini, njia ilikuwa nyingine. Wapangaji wa mashamba walidai haki yao miaka mingi, kwa maandamano na kwa kura. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1970 ilifuta upangaji huo, na mpangaji akawa mwenye shamba alilolilima. Wenye ardhi hawakuulizwa kama mioyo yao imelainika. Hata hivyo mashamba makubwa ya chai na mpira hayakuguswa, na vibarua wengi waliambulia kiwanja cha kibanda tu.

Sisi twaona kwamba udhaifu wa njia ya Vinoba haukuwa upole wake. Ni kwamba mwenye mali aliachwa awe hakimu katika kesi yake mwenyewe: yeye ndiye aliyepima atoe nini, na lini. Na sheria nayo, ikifika mikononi mwa karani asiyeipenda, hulala kabatini. (Waliowahi kufuatilia hati ya kiwanja wanajua.)

Sasa turudi kwa Zakayo. Mara nne ni kipimo cha Torati kwa mwizi wa kondoo (Kutoka 22). Hakuita malipo yake sadaka. Alijihukumu kwa sheria iliyokuwapo.

Vikundi vya mafunzo vizungumze hivi: Kibarua alimaye shamba letu, na msichana atufuliaye nguo, ujira wao twauita haki au msaada? Ni nani aliyeupanga, nao walikuwapo?