Springi za Pikapu: Kipi Utengeneze Nyumbani, na Kipi Usiguse

Mkulima mwenye pikapu hukumbuka kutia petroli, na akiwa mwangalifu hupima oili na maji kila asubuhi. Lakini springi hazikumbuki mpaka siku zinapoanza kulia. Na njia za mashamba yetu tunazijua. Kule Kinangop, kwa mfano, mvua ikinyesha udongo huwa telezi na mashimo hujaa maji hata usione kina chake. Gari lenye mikebe ya maziwa au magunia ya viazi hupigwa chini mara nyingi kabla ya kufika kwenye lami.

Basi siku moja kitu huvunjika. Mwenye gari huuliza bei ya kipya, hushtuka, kisha huenda kwa fundi wa karibu ambaye humwambia, "Nipe saa mbili, mzee, nitakutengenezea." Pengine fundi huyo anasema kweli. Pengine anakuuzia ajali. Somo hili ni la kukusaidia kujua tofauti.

Kwanza tazama springi ilivyo. Chini ya pikapu nyingi, upande wa nyuma, utaona vyuma bapa virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mafundi huviita majani. Jani la juu ndilo refu, na ncha zake zimekunjwa zikawa macho mawili. Jicho la mbele limefungwa kwenye chesisi kwa bolti. Jicho la nyuma linaning'inia kwenye vishikio viwili viitwavyo shakoli, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobanwa na mzigo. Katikati, majani yote yameshikwa pamoja na bolti moja nyembamba, na yamekazwa kwenye ekseli kwa yubolti.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya springi ni kulainisha safari tu. Iko kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Katika gari la namna hii, jani la juu ndilo linaloishika ekseli mahali pake. Likivunjika karibu na jicho la mbele, ekseli huvutwa nyuma upande mmoja, na gari hugeuka lenyewe bila usukani kuguswa. Ukiwa katika mwendo wa kasi, na watoto wamekaa nyuma juu ya magunia, hapo hapana la kufanya.

Kwa hiyo usikubali jani la springi lichomelewe kwa welding, hata kama fundi ni ndugu yako. Chuma cha springi si kama chuma cha geti. Kiwandani kilipashwa moto mpaka kikawa chekundu, kikapozwa ghafula kikawa kigumu kama tupa, halafu kikapashwa tena kwa moto mdogo, kwa kawaida kati ya digrii 400 na 550 za Selsiasi, ili ule ukali upungue na kiweze kupinda na kurudi. Moto wa welding huiharibu kazi hiyo yote. Kando ya kovu chuma huwa kikavu kama glasi, na mbele yake kidogo huwa laini. Kovu lenyewe laweza kuonekana zuri sana, tena limesuguliwa na kupakwa rangi nyeusi. Jani litavunjika kando yake, na mara nyingi siku ile gari limejaa.

Na je, mhunzi hawezi kukunja jicho jipya katika jani la zamani? Kukunja anaweza. Shida ni kwamba tanuri lake la makaa hupasha kipande tu cha jani, na moto wake hauko sawasawa. Mahali palipopashwa hukutana na mahali ambapo hapakupashwa, na papo hapo ndipo jani hukatika. Sisemi hivi kwa kuwadharau wahunzi. Panga na jembe walilolifua kwa jani la springi kuukuu hushinda mengi ya dukani. Lakini panga likikatika unaokota kipini na kwenda nyumbani.

Jani likivunjika, tafuta jingine la gari la namna ileile, hata kama ni la kuukuu. Upana, unene na mpindo vilingane na lile la zamani. Liweke juu ya lile lingine utazame. Lililopinda zaidi litabeba mzigo wa wenzake na kuvunjika mapema, na lililonyooka halitabeba kitu. Kabla ya kulipa, litafute ufa kwa njia hii. Lisugue kwa brashi ya waya, lipake mafuta ya taa na uliache kwa robo saa. Kisha lipanguse likauke kabisa, na ulipake unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Tazama zaidi kwenye tundu la katikati na kando ya macho. Chaki kidogo tu, na utakuwa umeokoa pesa zako.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho mkulima aweza kukitengeneza mwenyewe, nacho ni bushi za mpira za shakoli. Bushi zikiisha utasikia mlio wa chuma kugonga chuma kila unapopita shimo. Ukiingiza nondo kati ya jicho na shakoli na kuinua, utaona jicho linacheza.

Tafuta tairi kuukuu, lakini usikate mahali panapokanyaga barabara. Tairi nyingi za siku hizi zina nyuzi za chuma hapo, na nyuzi hizo zitaila bolti na kuingiza kutu. Kata ubavuni, kwenye mpira na nyuzi za kitambaa tu. Pima upana wa jicho. Kisha tafuta kipande cha bomba ambacho tundu lake ni kubwa kuliko jicho kwa milimita moja au mbili, ukinoe mdomo wake kwa tupa uwe mkali, na ukipige kwa nyundo juu ya mpira ulioweka kwenye gogo. Utapata vidonge vya duara. Toboa kila kidonge katikati kwa bomba dogo lililonolewa vivyo hivyo, tundu liwe dogo kidogo kuliko kile kibomba cha chuma kinachopita ndani ya bushi. Usikitupe kibomba hicho kama bado ni kizima.

Panga vidonge ndani ya jicho mpaka lijae na kuzidi kidogo kila upande. Vitakataa kuingia, na ndivyo inavyotakiwa. Vipake maji ya sabuni, usipake grisi wala oili, kwa maana mafuta hayo huvimbisha mpira na kuuozesha. Bana kwa bolti ndefu na washa mbili mpaka viingie.

Usikaze bolti za shakoli mpaka gari limeshushwa na kusimama kwa magurudumu yake yote. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, mpira utakuwa umesokotwa tangu siku ya kwanza, na hautadumu.

Bushi za namna hii hazidumu kama za kiwandani. Zikague kila mwezi. Zinafaa kwenye shakoli za nyuma, na kwenye ncha za shoki za nyuma. Kwenye lile jicho la mbele linaloshika ekseli, mimi ningezitia kwa kufikia mjini tu, halafu ninunue za kweli. Kwenye magurudumu ya mbele na mikono ya usukani, usitie mpira wa tairi hata kidogo.

Yubolti nazo ni za kununua. Wako wanaozikunja kwa nondo za kujengea nyumba. Nondo ina migongo, kwa hiyo meno ya nati hayashiki kote, na chuma chake hurefuka kikikazwa. Nati ikilegea, majani huanza kucheza na kupinda penye tundu la katikati, ambapo ndipo palipo padhaifu. Springi nyingi zilizokatika katikati ziliuawa na yubolti zilizolegea, si na mzigo. Ukifunga mpya, zikaze tena baada ya siku mbili tatu za kazi, kisha uzitazame kila unapobadilisha oili. Vumbi jekundu la kutu kando ya kikalio cha springi ni dalili kwamba kuna kitu kinachocheza.

Dalili nyingine utaipata kwa kamba. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kulia na kushoto. Kama vipimo vimepishana kuliko ilivyokuwa zamani, huenda bolti ya katikati imekatika na ekseli imehama. Gari hilo lisitoke. Hata Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kuendesha gari ambalo hali yake yaweza kuleta hatari.

Neno moja juu ya kazi yenyewe. Inua gari kwa chesisi, si kwa ekseli, mpaka springi ining'inie bila uzito. Weka magogo mazima chini ya chesisi. Mawe hupasuka bila kuaga. Zuia magurudumu ya mbele. Na kabla ya kufungua bolti ya katikati, yabane majani kwa klempu yenye nguvu, kisha uilegeze kidogo kidogo, kwa sababu majani yamebanwa na hurukana yakiachiliwa. Kidole kilichokuwa katikati hakitarudi.

Wengine huongeza jani la tatu au la nne ili wabebe magunia zaidi. Gari litasimama juu kweli, lakini ekseli, tairi na breki ni zilezile, nazo hazikuongezewa kitu. Likiwa tupu litarukaruka na kuteleza kwenye matope.

Kama una majani kuukuu yasiyo na ufa na mikono inayotaka kazi, yatie kwenye mkokoteni wa punda. Mkokoteni huenda kwa mwendo wa mtu, na jani likivunjika punda atasimama. Ekseli ya gari lililokufa, springi mbili nyepesi, na mbao nzuri juu yake, vitakubebea maziwa mpaka penye barabara kuu bila kuyatikisa sana. Chagua springi za gari dogo, au punguza majani mpaka ubao uzame kidogo watu wawili wakikaa juu yake, kwa maana springi za lori chini ya mkokoteni hazitapinda kamwe.