Cheni Mpya Inaruka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Wanachuo wengi wenye baiskeli wanalijua tatizo hili. Cheni ya zamani imechakaa, ina kutu, inapiga kelele. Bumu likiingia unanunua mpya, fundi anaifunga, unaondoka kijiweni umefurahi. Kwenye tambarare mambo ni shwari. Ukifika kwenye mwinuko ukakanyaga kwa nguvu: kraa! Cheni inaruka meno, pedali inashuka ghafla bila uzito, nusura uangukie usukani. Nyuma yako kuna bodaboda na daladala, kwa hiyo hili si jambo la kuchekea.

Jibu la haraka ni kwamba umeuziwa cheni feki, au fundi amelipua kazi. Inawezekana. Lakini mara nyingi cheni haina kosa, na fundi wa watu hana kosa. Somo la leo ni namna ya kujua tatizo liko wapi kabla hujatoa hela nyingine.

Cheni hurefuka vipi?

Watu husema cheni "imevutika", kana kwamba ni mpira. Chuma chake hakivutiki hivyo. Asili ya cheni hii yenye pini, bushi na rola ni kazi ya Hans Renold, aliyeibuni Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Tabia yake mpaka leo ni ileile: kila pingili inapojikunja kwenye meno, pini inasuguana na bushi. Vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa kama msasa. Pini inaliwa kidogo, bushi inaliwa kidogo, na kila kiungo kinaanza kuchezacheza. Jumlisha uchezaji huo kwenye viungo zaidi ya 100, utaona kwa nini cheni nzima inakuwa ndefu.

Katika cheni mpya, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Meno ya sproketi nayo yamechongwa kwa kipimo hichohicho. Cheni ikirefuka, rola hazikai tena chini kabisa ya bonde lililo kati ya jino na jino. Zinapanda kidogo na kulila jino upande mmoja. Taratibu meno yanajichonga upya kufuata cheni iliyochakaa. Vitu viwili vinazeeka pamoja na vinaelewana. Ndiyo maana ile cheni ya zamani, pamoja na kelele zake zote, haikuwa inaruka.

Sasa weka cheni mpya yenye kipimo sahihi juu ya meno yale yaliyoliwa. Havilingani. Nguvu ya mguu wako, iliyotakiwa kugawanywa kwa meno mengi, inabebwa na jino moja au mawili. Jino lenyewe limeshalala na kuchongoka, basi rola inalipanda na kuteleza.

Sproketi ya nyuma ndiyo huliwa mapema. Chukua mfano wa meno 44 mbele na 18 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, jino la mbele linapita kazini mara moja, la nyuma karibu mara mbili na nusu.

Uchunguzi wa hatua nne

Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba mwanafunzi akikosa swali, kumwekea mkasi haitoshi; tafuta alikosea hatua ipi. Hapa ni hivyohivyo. Kuruka ni dalili tu, na vyanzo viko zaidi ya kimoja.

Hatua ya 1: Inaruka lini? Ikiruka pale tu unapokanyaga kwa nguvu, shuku meno. Ikishtuka hata ukikanyaga polepole, tena kwa mpangilio unaojirudia, shuku pingili ngumu. Mfano, cheni ya pingili 112 kwenye sproketi ya mbele ya meno 44 humaliza duara lake kila baada ya mizunguko kama miwili na nusu ya pedali. Ikishtuka kwa mwendo huo, hesabu inakuonyesha kwamba kasoro iko sehemu moja ya cheni. Mara nyingi ni pale ilipoungwa. Zungusha pedali kinyumenyume na utazame nyuma. Pingili ngumu itapita imekunjika. Tia mafuta, kisha ichezeshe kwa mikono kulia na kushoto mpaka ilainike.

Hatua ya 2: Cheni imelegea? Kwa baiskeli isiyo na gia, bonyeza cheni katikati, kati ya mbele na nyuma. Ikicheza juu na chini sentimita moja hadi mbili, sawa. Ikining'inia zaidi, legeza nati za gurudumu la nyuma, livute nyuma, hakikisha limenyooka, kaza.

Hatua ya 3: Ni meno au ni friwili? Simamisha baiskeli, tairi la mbele liguse ukuta, shika breki ya nyuma. Kanyaga pedali kwa nguvu huku mwenzako akitazama nyuma, vidole vikiwa mbali. Cheni ikipanda juu ya meno, meno ndiyo mabovu. Cheni ikibaki imetulia lakini sproketi ikazunguka peke yake huku gurudumu limesimama, tatizo ni vikucha vya ndani ya friwili, vile vinavyolia tik-tik-tik. Hapo hata ukibadilisha cheni tatu hutapona.

Hatua ya 4: Ipime cheni ya zamani. Usiitupe, hiyo ndiyo shahidi. Inyooshe ikaze, chukua rula ya sentimita 30. Pini ya kwanza iite sifuri, kisha hesabu hadi pini ya 20. Katikati ya pini hadi katikati ya pini, cheni mpya inatoa milimita 254. Ikifika kama 255.3, imerefuka kwa nusu asilimia. Badilisha cheni, na meno kwa kawaida yanakuwa bado salama. Ikifika 256.5 au zaidi, imepita asilimia moja, na meno ya nyuma huenda yameshaliwa. Cheni mpya kuruka hapo si ajabu.

Wenye baiskeli za gia, angalieni pia inaruka kwenye gia zipi. Ikiruka kwenye zile unazozitumia kila siku tu, hizo ndizo zimeliwa. Ikiruka kwenye zote, kagua kwanza waya wa gia na pingili ngumu. Na usihukumu kwa sura peke yake: baadhi ya meno ya gia huchongwa kwa umbo la ajabu tangu kiwandani ili cheni ihame kwa urahisi.

Ununue nini?

Kuna njia mbili zenye akili. Ya kwanza ni kupima mara kwa mara na kubadilisha cheni mapema, ili sproketi zidumu. Inafaa sana kwa baiskeli za gia, kwa sababu seti ya meno ni ghali kuliko cheni. Ya pili ni kuacha cheni na meno vizeeke pamoja mpaka mwisho, kisha kubadilisha vyote kwa mkupuo. Kwa baiskeli ya kawaida isiyo na gia, hata hiyo ni hesabu halali.

Inayotia hasara ni njia ya katikati: kuchelewa mpaka meno yamekwisha, halafu kununua cheni peke yake. Utaambiwa "itazoea tu". Itazoea kwa kuliwa haraka mpaka ifanane na meno mabovu, na wakati huo wote wewe uko barabarani ukikanyaga kwa wasiwasi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kijiweni, pima cheni. Ikiwa imepita 256.5, panga hela ya cheni na friwili kwa pamoja, na mwombe fundi akague sproketi ya mbele. Ikiwa hela haijatimia, endelea na ile ya zamani kwa muda, isafishe, ipake mafuta, na kwenye mwinuko mkali shuka usukume.