Kadi ya kliniki ikishaisha, kijana arudi lini?

Tabibu anajibu maswali ya wazazi na vijana wa Nyabusozi, Biharamulo.

Daktari, binti yangu ana miaka 14 na haumwi. Nimpeleke zahanati kufanya nini?

Mama, ulipojifungua ulipewa kadi. Ukaambiwa uje wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa surua na rubela. Mtoto akaning'inizwa kwenye mzani mpaka akakaribia miaka 5, halafu kadi ikalala sandukuni. Tarehe ya kurudi hukupewa, na hilo si kosa lako. Binti hurudi kliniki akiwa mjamzito. Mvulana hurudi akiwa amebebwa, kaanguka na bodaboda au malaria imempanda kichwani. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba.

Kwa binti yako lipo pia jambo la haraka. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima 2018, dozi mbili, kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Kama hajachanjwa, mlete kabla hajafikisha 15.

Wenzake walichanjwa shuleni. Si inatosha?

Kwa aliyekuwepo darasani siku hiyo, ndiyo. Dawa za minyoo na kichocho nazo hupitia shuleni, na ni utaratibu mzuri. Ila aliyeacha shule akaenda kuchunga, kulea watoto wa watu au kuchimba dhahabu, dawa hizo zinampita. Kwangu mimi, huyo ndiye wa kutafutwa kwanza.

Basi aje mara ngapi kwa mwaka?

Mara moja, kama ni mzima. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kinashauri kila mwaka, tangu miaka 11 hadi 21. Mnaweza kutumia likizo ya Juni au ya Desemba. Msije tu siku ya kliniki ya watoto wachanga, mtashinda kwenye benchi. Mwenye selimundu, pumu, kifafa au anayetumia dawa za kufubaza VVU anafuata tarehe alizopangiwa.

Atapimwa nini?

Uzito, urefu, shinikizo la damu, macho, meno. Kwa msichana aliyevunja ungo, wingi wa damu hasa: hedhi inachukua, minyoo inachukua, na malaria, ambayo Kagera bado ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwayo, inachukua zaidi. Binti anayesinzia darasani huitwa mvivu miaka miwili kabla mtu hajafikiria kumpima damu.

Shikamoo daktari. Nina miaka 16, nipo machimboni. Nesi wa zahanati ni jirani yetu. Nikipima VVU atamwambia mama?

Marahaba mwanangu. Hapaswi. Sheria ilirekebishwa 2019: ukiwa na miaka 15 unaweza kupima bila ruhusa ya mzazi, na majibu ni yako. Najua lakini kwamba sheria haifungi pazia. Zahanati nyingi zina chumba kimoja, na benchi la nje linasikia kila kitu. Ukiona haya, nenda kituo cha mbali kidogo, uulize huduma rafiki kwa vijana. Kipimo ni bure.

Ukishafika, usiishie hapo. Uliza tohara ya kitabibu kama hujatahiriwa: inapunguza kwa kama asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke, kwa hiyo kondomu bado unaihitaji. Ukikohoa wiki mbili peleka makohozi, maana vumbi la mwamba na kifua kikuu ni ndugu, na matibabu yake hayalipiwi. Na mnaposafisha dhahabu, zebaki msiichomee jikoni kwa mama.

Tangu Marburg, bibi hataki tusogelee hospitali.

Mpe shikamoo yangu. Hofu yake ina sababu. Ugonjwa ulitangazwa hapahapa Biharamulo Januari 2025. Mwambie ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huohuo, na kwamba virusi vile hupita kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au ya maiti. Kukaa foleni na mtu mzima hakumwambukizi mtu.

Nije na nini?

Daftari lako, lile la matibabu. Kama huna, hata la hesabu lenye kurasa tupu nyuma litafaa. Tutaandika uzito wa leo, tutaacha mstari, na chini yake tutaweka tarehe ya mwakani.