Tai na Eropleni Ndogo
Jua likipanda, ardhi tupu ya Shinyanga na ya migodi ya Geita hupata joto upesi kuliko ardhi yenye miti. Hewa iliyo juu yake huwa nyepesi, ikapaa, na tai huzunguka ndani yake bila kupiga mabawa. Mtaalamu Colin Pennycuick aliwachunguza ndege hao akiwa katika eropleni iwezayo kuelea injini ikiwa imezimwa, akachapisha matokeo mwaka 1972.

Tai wa kilo 5 aweza kuvunja kioo cha rubani. Kwa hiyo yafaa rubani asafiri asubuhi mapema, kabla hewa haijaanza kupaa. Akichelewa, aepuke kupita chini ya mawingu yaliyofumka kama pamba, maana ndiko hewa ipaako. Amwonaye tai mmoja akizunguka, atazamie wengine.