Nyumba isiyo na televisheni



Mama mmoja wa huku Ngaka alitusimamisha njiani akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake la haraka. Mtoto wake wa darasa la tatu hurudi nyumbani saa nne za usiku. Jioni huwa kwa jirani mwenye televisheni, na jirani akifunga mlango, mtoto huhamia banda la video. Asubuhi haamshiki, na mwalimu amekwisha kulalamika kwamba anasinzia darasani. Baba yake amesema kahawa ya msimu huu ikilipwa watanunua televisheni, ili mtoto abaki nyumbani. Mama hakupenda, ila hakuwa na hoja. "Je, nikikataa nitakuwa namwonea mtoto?" akatuuliza.

Tumeona swali hili si la mama huyu peke yake. Tangu laini kubwa ya umeme kutoka Makambako hadi Songea ikamilike mwaka 2018, na sola zikiwa zimeenea hata pasipofika nguzo, nyumba nyingi za wilaya ya Mbinga na za ufukweni Nyasa zinaweza kuwasha televisheni zikitaka. Zamani kutokuwa nayo hakukuhitaji maelezo. Siku hizi mzazi asiye nayo huulizwa na watoto wake mwenyewe.

Tulikotoka

Vijana wetu wengi hawajui kwamba Tanzania Bara iliishi zaidi ya miaka 30 ya uhuru bila kituo chake cha televisheni. Zanzibar walianza mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi. Huku Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliona ni anasa ambayo wananchi wa vijijini wasingeifaidi, na vituo vya kwanza, vya watu binafsi, vilianza mwaka 1994. Ile ya taifa ilikuja baadaye zaidi.

Je, watu walikosa elimu ya afya kwa miaka hiyo yote? Wazee wenye miaka 70 na zaidi wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Kwa majuma 12 Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vipindi kuhusu malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Lakini watu hawakuachwa kila mmoja na redio yake. Walikusanyika katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi aliyefundishwa na kitabu cha kusoma. Kipindi kikiisha, redio ilizimwa, kitabu kikasomwa, kisha watu wakaulizana: hapa kwetu tatizo hili liko? Tufanye nini kabla ya juma lijalo? Wakaenda wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine ya namna hiyo, "Chakula ni Uhai".

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu moja. Kilicholeta vyoo vile ni mazungumzo yaliyofuata baada ya redio kuzimwa. Chombo kilisema kwa muda mfupi, na watu wakasema kwa muda mrefu zaidi. Televisheni katika nyumba nyingi hufanya kinyume chake: inasema tangu jioni hadi watu wanalala, na wenye nyumba wananyamaza.

Usingizi wa mtoto

Turudi kwa mwanafunzi wetu wa darasa la tatu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kati ya saa 9 na saa 12 kila usiku. Huyu huamka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi shule. Basi hata kwa kipimo cha chini kabisa, yampasa awe amelala saa mbili na nusu usiku. Yeye hufika nyumbani saa nne, na usingizi humpata saa nne na nusu. Anapoteza saa 2 kila siku, na kwa siku tano za shule ni saa 10, yaani sawa na usiku mmoja mzima kila juma. Mtoto wa namna hii huonekana mvivu au mkaidi, akachapwa, kumbe amechoka tu. Mwanga wa kioo machoni usiku huuchelewesha usingizi wenyewe, na picha za kutisha humfuata kitandani.

Kwa watoto wadogo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo cha aina yoyote, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Pungufu ni bora zaidi. Watoto wa mwaka 1 hadi 4 wanatakiwa wawe wakicheza na kutembeatembea kwa jumla ya saa 3 katika siku. Hapo kijijini bila televisheni anazipata bila kufundishwa: kombolela, rede, kuruka kamba, kumfuata bibi shambani. Na sisi wakubwa tunahitaji dakika 150 za mwendo wa kututoa jasho kidogo kila juma, ambazo mkulima wa ngolo huenda akazimaliza Jumatatu. Mwenye kazi ya kukaa ofisini Mbinga mjini ndiye ahesabu vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalioni upesi. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa na kujibiwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulihesabu maneno majumbani mwa watoto wa chini ya miaka 4, ukakuta kwamba kila saa moja ya televisheni inayosikika iliendana na upungufu wa maneno 770 hivi ya watu wazima ambayo mtoto angeyasikia. Hata pale ambapo hakuna anayeitazama, inanguruma tu pembeni, wazazi husema kidogo. Vitendawili vya bibi jikoni, maswali ya mtoto yasiyokwisha wakati maharagwe yanachemka, hizo ndizo dawa zake, na hazina bei.

Banda la video

Tusidanganyane hata hivyo. Nyumba isiyo na televisheni haimlindi mtoto ikiwa kijiji kina banda la video na mzazi hajui mtoto yuko wapi. Afadhali televisheni ya nyumbani yenye saa maalumu kuliko banda. Tumeyaona mabanda hayo: chumba kimoja, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza liingie, watu wamebanana kwenye mabenchi kwa saa 3 au 4. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na hupenda mahali pa namna hiyo hasa, pasipo na upepo wala jua. Akiwepo mmoja anayekohoa ambaye hajaanza matibabu, wote wanavuta hewa ile ile. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi aende zahanati apimwe makohozi; dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini kwetu, nazo hunywewa kwa miezi 6 bila kukatisha.

Mengine yanahusu vyombo vyenyewe. Jenereta isiwashwe ndani wala barazani palipozibwa, kwani moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa wamelala. Betri ya gari ina asidi inayounguza macho na ngozi. Ikimrukia mtoto, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha kimbiza hospitali. Na televisheni iliyowekwa juu ya meza inayoyumba imewahi kuwaangukia watoto wanaopanda kuigusa. Ifungwe imara au iwekwe chini.

Wengi hutuuliza kama kukaa karibu na televisheni kunapofusha. Hakupofushi, huchosha macho tu. Lakini mtoto anayesogea karibu kila mara huenda haoni mbali, na huyo apelekwe kupimwa macho. Huenda hata ubao wa shule haoni.

Na simu je? Baba anayejisifu kwamba nyumbani kwake hamna televisheni, huku mtoto wa miaka 2 akitulizwa kwa simu wakati wa kula, anayo televisheni. Ni ndogo tu, tena iko karibu zaidi na macho.

Fedha ya kahawa

Jibu tulilompa yule mama lilianzia hapa. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Ruvuma watoto wapatao 36 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wana udumavu. Mkoa huu unalisha mikoa mingine mahindi! Televisheni haidumazi mtoto, tusieleweke vibaya. Lakini fedha ya kahawa huja mara moja kwa mwaka, na televisheni haiji peke yake. Hufuatana na king'amuzi, dishi, malipo ya kila mwezi, na pengine sola kubwa zaidi. Mama huyu ana mtoto mwingine wa mwaka mmoja na nusu, anayekula uji wa mahindi mtupu asubuhi na jioni. Kuku wachache wa mayai, karanga za kusaga katika uji, dagaa wa ziwani: hayo nayo yanangojea fedha ile ile.

Tulimshauri wasikatae kwa neno moja tu, maana mtoto akikatazwa bila kupewa kingine atatoroka. Azungumze na jirani kwanza. Jirani mwenyewe huenda amechoka kuwa na watoto wa watu sebuleni mwake na anaona haya kuwafukuza. Wakubaliane siku mbili za juma, hadi saa moja na nusu, mtu mzima akiwapo. Banda la video, hapana kabisa. Nyumbani redio iwepo, kwa sababu familia isiyopata habari inaweza kukosa tangazo la chanjo au la kipindupindu, na taarifa ya habari ikiisha izimwe. Baba naye akae na watoto baada ya chakula. Hilo la baba ndilo lilimchekesha mama, kwani baba mwenyewe jioni huwa kwa jirani huyo huyo, akitazama mpira.

Tulipokutana naye tena baada ya majuma kadhaa, alituambia mtoto sasa yuko kitandani saa tatu kasoro, bado si saa mbili na nusu. Kuku wanne wamenunuliwa. Baba ameulizia bei ya televisheni Mbinga mjini mara mbili, na bado hajasema lolote.