Kondo la Nyuma Likikaa Chini
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Mbeya na Iringa

Kijitabu hiki ni cha mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba kondo lake liko chini. Ni cha mume wake pia, cha mama mkwe, cha wifi na cha jirani mwenye pikipiki. Kisomeni pamoja, maana siku damu itakapotoka, mama hataweza kutafuta gari, kuaga watoto na kukusanya fedha kwa wakati mmoja. Hali hii haina dawa ya kumeza, lakini mpango uliofanywa mapema humvusha mama na mtoto.

1. Kukaa chini ni kukaa wapi?

Kondo la nyuma ndilo linalompa mtoto chakula na hewa kutoka kwenye damu ya mama. Mfuko wa uzazi una umbo la kibuyu kilichopinduliwa, shingo ikitazama chini. Kwa kawaida kondo hujishikiza juu au ubavuni. Kwa baadhi ya kina mama hujishikiza karibu na shingo, yaani karibu na mlango wa kizazi.

Ukingo wa kondo ukiwa chini ya sentimita 2 kutoka kwenye mlango bila kuufunika, tunasema kondo liko chini. Likiufunika mlango, kondo limetangulia, na hapo mtoto hana pa kupita. Mlango ukianza kulainika na kufunguka, kondo hubanduka kidogo kidogo na damu hutoka.

Hali hii haisababishwi na kubeba ndoo, kulima viazi, kuchuma chai, ugomvi wala kurogwa. Huwapata zaidi waliowahi kujifungua kwa upasuaji, waliosafishwa kizazi, waliozaa mara nyingi, wenye umri wa zaidi ya miaka 35, wenye mimba ya mapacha na wanaovuta sigara. Wapo pia wanaoipata bila kuwa na lolote kati ya hayo. Kwa hiyo asitafutwe wa kulaumiwa.

2. Kipimo cha kwanza hakimalizi maneno

Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe kwa ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Wengi huambiwa kuhusu kondo hapo, mimba ikiwa na wiki kama 20. Wasikate tamaa. Takriban wanawake 9 kati ya 10 wanaoambiwa hivyo mapema hukuta kondo limesogea mbali na mlango kabla ya kujifungua. Kondo halitembei. Sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi hutanuka kadiri mimba inavyokua, na ukingo wa kondo hupanda nayo.

Kwa sababu hiyo kipimo hurudiwa kwenye wiki ya 32, na kondo likiwa bado chini, hurudiwa tena kwenye wiki ya 36. Familia nyingi huacha kurudi kwa kuwa mama anajisikia mzima, na nauli ya kwenda mjini si ndogo. Wekeni akiba ya safari hiyo tangu mapema, kwa maana majibu yake ndiyo yatakayosema kama mama atasukuma au atafanyiwa upasuaji.

Ukiwa kwenye kipimo, uliza:
- Ukingo wa kondo uko sentimita ngapi kutoka kwenye mlango?
- Kama nina kovu la upasuaji, kondo liko juu ya kovu hilo?
- Nirudi tarehe gani, na nijifungulie hospitali ipi?

Omba majibu yaandikwe kwenye kadi yako ya kliniki. Mtaalamu akitumia kifaa cha ultrasaundi kinachopita ukeni, usiogope. Ni salama na huonyesha vizuri zaidi. Kisichofaa ni mtu kukupima kwa vidole wakati kondo liko chini. Ukifika kituo kipya, jambo la kwanza kusema liwe hili: "Nina kondo la chini, nisipimwe kwa vidole."

3. Damu isiyouma

Dalili kuu ni damu nyekundu ya kung'aa inayotoka ukeni bila maumivu, mara nyingi katika miezi mitatu ya mwisho. Inaweza kumkuta mama usingizini, jikoni au shambani. Mara ya kwanza huenda ikawa kidogo na ikakoma yenyewe. Hapo ndipo nyumba nyingi hudanganyika, kwa kuwa tumezoea kudhani kisichouma hakina hatari. Damu inayofuata inaweza kuwa nyingi kuliko ya kwanza. Hata ikiwa tone, mama aende hospitali siku hiyohiyo.

Damu inayokuja na maumivu makali, tumbo likiwa gumu, huenda ni kondo kubanduka kabla ya wakati. Hiyo nayo ni dharura.

Damu ikitoka, fanyeni hivi:
1. Pigeni 115. Ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Hutumia ambulensi, na pale ilipo mbali, hutumia madereva wa jamii waliosajiliwa.
2. Mlazeni mama kwa ubavu wa kushoto na mfunikeni blanketi. Baridi ya Mufindi au ya safu za Uporoto humwongezea taabu aliyepoteza damu.
3. Mvalisheni pedi au kitambaa safi. Msiingize kitu chochote ukeni. Pedi zilizolowa zifungeni kwenye mfuko mwende nazo, ili mkunga akadirie damu iliyopotea.
4. Asile chakula, kwani huenda akahitaji upasuaji.
5. Chukueni kadi ya kliniki, na mtu mmoja au wawili wanaoweza kutoa damu.

Mama akitetemeka, akipauka, akiona kizunguzungu au akipumua kwa haraka, damu iliyopotea ni nyingi. Msisubiri kupambazuke.

4. Maisha ya kila siku

Kazi. Kulala kitandani mchana na usiku hakupandishi kondo, na kunaweza kuleta damu kuganda miguuni. Mama atembee na afanye kazi nyepesi. Kuni, ndoo kubwa na magunia vibebwe na wengine.

Tendo la ndoa. Kondo likiwa limefunika mlango, au damu ikiwa imewahi kutoka, liacheni. Kama kondo liko chini tu na hakuna damu, muulizeni mhudumu mkiwa wawili. Baba akisikia kwa masikio yake, mama hatalazimika kujieleza kila usiku.

Chakula na damu. Mama mwenye damu ya kutosha hustahimili kutokwa na damu kuliko mwenye upungufu. Meza vidonge vya madini chuma na foliki asidi kila siku kama ulivyoelekezwa. Kula maharage, dagaa, nyama au maini inapowezekana, mnafu, majani ya maboga na chainizi, pamoja na tunda kama chungwa au pera linalosaidia madini chuma kuingia mwilini. Chai ya Rungwe na Mufindi ni nzuri, ila usiinywe pamoja na chakula wala vidonge, kwani huzuia madini hayo. Inywe saa moja au mbili baadaye. Ulanzi na pombe nyingine ziache kwa kipindi chote cha mimba.

Dawa za kienyeji. Dawa za kuongeza uchungu au za kufungua njia ni hatari kwa kila mjamzito. Kwa mwenye kondo la chini hatari huzidi, kwa sababu uchungu wenyewe ndio unaobandua kondo.

Kundi la damu. Lijue mapema. Mama mwenye kundi hasi anaweza kuhitaji sindano ya anti-D kila anapotokwa na damu.

5. Mpango wa nyumba

Mahali. Mwenye kondo lililofunika mlango hawezi kujifungulia nyumbani wala zahanati. Anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Kwa Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda na kitengo chake cha wazazi cha Meta. Kwa Iringa ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Zipo pia hospitali za wilaya na za mashirika ya dini, kama Tosamaganga, Ilula, Igogwe na Chimala. Kliniki yako itakuambia ipi inakufaa. Mwenye kondo lililokaa juu ya kovu la upasuaji asiridhike na hospitali ndogo, maana kondo linaweza kuzama ndani ya kovu na likakataa kutoka. Upasuaji wake huhitaji wataalamu na damu nyingi.

Msimu. Hesabuni miezi. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Rungwe huzidi hapo. Kama wiki ya 32 itaangukia Februari na ninyi mko ndani kabisa ya Kilolo au Busokelo, gari linaweza kukwama kwenye tope. Mama ahamie mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua, chigonela, pale ilipo.

Usafiri. Andikeni namba za madereva wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Jueni ni kilima kipi simu inashika mtandao.

Damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda jijini Mbeya. Mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia, mwanaume kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Ndugu wachangie kabla ya dharura. Damu haiuzwi.

Ruhusa. Kubalianeni leo kwamba mama akitokwa na damu, yeyote aliyepo nyumbani ampeleke, hata kama baba yuko kwenye mashamba ya mpunga Usangu au machimboni Chunya.

6. Kujifungua na baada yake

Kondo likiufunika mlango, upasuaji hupangwa mara nyingi kati ya wiki ya 36 na 37, kabla uchungu haujaanza. Aliyetokwa na damu anaweza kufanyiwa mapema zaidi, na huenda akachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Ukingo ukiwa umepanda zaidi ya sentimita 2, wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Ukiwa chini ya hapo bila kufunika, daktari ataamua pamoja na mama.

Sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi hukaza kwa shida baada ya kondo kutoka, hivyo damu inaweza kuendelea. Msiharakishe kurudi nyumbani. Mpeni nafasi ya angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine, na mimba hiyo ikija, aeleze kliniki tangu siku ya kwanza.

7. Maswali ya nyumbani

*Mama mkwe: "Mimi nilizaa saba hapahapa nyumbani. Huyu ana nini?"*
Shikamoo mama. Kondo lako lilikaa juu, tunamshukuru Mungu. La mkweo limekaa mlangoni, na hakuna nguvu ya kusukuma inayoliondoa. Uzoefu wako unahitajika sana: wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuona kitenge kimelowa.

*Baba: "Damu imekoma. Kwa nini alazwe?"*
Kwa sababu inaweza kurudi usiku, na kati ya wodi na chumba cha upasuaji ni hatua chache.

*Mama: "Mtoto atakuwa mzima?"*
Hatari yake kubwa ni kuzaliwa kabla ya wakati, na ya pili ni mama kupoteza damu nyingi. Zote hupungua ukiwahi hospitali. Mtoto akiacha kucheza kama ulivyomzoea, nenda ukapimwe.

Jazeni hapa na mbandike nyuma ya mlango

Kipimo kingine, tarehe: ______
Hospitali ya kujifungulia: ______
Dharura: 115. Dereva wa mchana: ______ Wa usiku: ______
Kundi la damu la mama: ______ Wachangiaji: ______ na ______
Atakayebaki na watoto: ______
Akiba ya safari iko kwa: ______